Picha Mbichi za Korido

Jumamosi ya tarehe 9 Oktoba 2021, kabla ya saa tano asubuhi, kifurushi cha mafaili kilichoitwa "Korido ya Chombo" kiliwekwa mtandaoni kwa yeyote atakayekitaka, bila malipo, kwa sharti moja tu: ukikitumia, wataje waliokitengeneza. Ukurasa wake upo hadi leo. Kifurushi chenyewe hakipo. Kiliondolewa mchana wa siku hiyo hiyo, na palipokuwa na maelezo marefu pamebaki maneno matatu: "Kimeondolewa na mwenyewe."

Mwenyewe ni mwanamke wa miaka thelathini na minne anayeitwa Roketi mtaani kwao. Jina alipewa na watoto wa jirani siku walipochungulia dirishani wakakuta kwenye kompyuta yake chombo cha angani kikizunguka taratibu, tumbo wazi, nyaya nje, kama kuku aliyepasuliwa. Wakubwa wakalidaka. Hata mama yake mzazi, akiudhika, humwita hivyo. Kazi yake inayojulikana ni ya duka la kuchapa: kadi, vibandiko, mabango ya maduka yanayofunguliwa na mabango ya maduka yanayofungwa. Kazi yake nyingine ni kujenga vyombo vya angani ndani ya kompyuta kwa ajili ya filamu fupi za kubuni za kisayansi. Filamu hizo anazitengeneza na wenzake wachache wasio na studio wala mfadhili. Mwongozaji wao huitwa Kata, kwa sababu neno hilo, la kusimamisha kamera, hulitamka hata anapomaliza kuongea kwenye simu.

Kundi hili lina kanuni moja wanayoishika kuliko nyingine zote. Filamu ikishamaliza kuzunguka kwenye maonyesho, kila kilichotumika kuitengeneza hugawiwa: vyombo, milango, vioo vya mitambo, mivumo ya injini, ngozi za kuvalisha kuta. Anayetaka kutengeneza filamu yake peke yake chumbani, bila kundi, akute korido imekwisha jengwa, aweke watu wake humo na hadithi yake. Na kinachogawiwa hugawiwa na mbichi zake. Yaani ukitoa ukuta uliojengwa kutokana na picha, unatoa na picha zenyewe, ili mwenzako akitaka kuujenga upya kwa namna yake asibaki anabembeleza. Waliwahi kupokea kutoka kwa kundi jingine mafaili mazuri yasiyofunguka, wakapoteza nayo mwezi mzima. Tangu hapo Kata hulirudia neno "mbichi" kama mpishi.

Asubuhi ile Roketi alikuwa dukani, mashine ya mabango ikinguruma nyuma yake, alipomaliza kupakia kifurushi kwa kompyuta ya kaunta. Kata alipiga simu papo hapo.

"Nimeona vyombo, nimeona milango. Mbichi ziko wapi?"

"Mbichi ni nyingi, Kata. Zinapanda polepole."

"Zipande tu, hata zikitambaa. Watu watatutukana. Kata!" Akakata.

Akazipandisha. Picha mia kadhaa za simu, folda nzima kama ilivyokuwa. Kisha akamhudumia mteja aliyetaka neno "bingwa" liwe kubwa kuliko jina la duka lake, wakabishana kidogo, mteja akashinda. Kila alipopata nafasi alichungulia ukurasa. Watu walikuwa wanapakua. Mmoja aliandika "mungu awabariki," mwingine akaweka alama ya moto mara tano. Roketi alijikuta anatabasamu peke yake nyuma ya kaunta, jambo ambalo mwenye duka hulichukia kwa sababu hudhani anachekwa yeye.

Baada ya saa saba likaja andiko la mtu asiyemfahamu, mwanafunzi wa nchi nyingine kwa jinsi alivyojieleza. Aliandika kwa adabu: "Asante sana, dada. Nimefurahi zaidi kwa picha mbichi. Nimesoma mahali zilipopigwa, nikapiga hesabu jua lilikuwa upande gani, na sasa taa zangu zinakaa sawa na zenu. Jengo lina madirisha ya magharibi, au nimekosea?"

Hakuwa amekosea.

Roketi aliusoma ujumbe huo akiwa ameshika mkasi wa kukatia mabango. Aliuweka mkasi chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka. Akafungua picha moja ya kwenye folda, picha ya bomba la darini tu, yenye kutu na utando wa buibui. Akabonyeza maelezo yake. Ikatokea ramani ndogo, na juu ya ramani kidoti chekundu, na kidoti kilikuwa kimekaa juu ya paa la jengo analoishi mdogo wake.

Simu ikipiga picha huandika ndani ya picha hiyo saa na mahali, isipokuwa mwenyewe awe ameikataza. Roketi alikuwa amejifunza kuikataza. Alikuwa haendi kwa mdogo wake bila kuzima kila kitu kinachozimika. Lakini siku ile ya kupiga picha alikuwa ameita pikipiki kwa simu, pikipiki ikataka kujua alipo, akawasha kitambua mahali cha simu, akapanda, akafika, akasahau. Kusahau kwenyewe ni jambo la kawaida. Alichoshindwa kukielewa, akiwa amesimama pale, ni kwamba alikuwa ametumia wiki nzima kumfuta mdogo wake kwenye korido ile. Sketi iliyoanikwa aliigeuza rundo la nyaya. Namba ya mlango aliifuta. Kalenda ukutani, ndoo, kandambili zilizosogezwa pembeni, kila kitu alikisugua mpaka pakabaki chuma cha kijivu cha chombo kilichopotea njia angani. Korido iliyojengwa haikuwa na mtu. Na kisha, kwa mikono yake, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akaambatanisha mbichi.

Akakiondoa kifurushi. Ukurasa ukaandika kwamba kimeondolewa, ukamwonyesha na idadi ya waliokwisha kukipakua, bila jina la hata mmoja. Nakala zilizokwisha kwenda hazirudi.

Mtu aliyemwogopa hakuwa wa kufikirika. Alikuwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa fundi wa sauti wa kundi lao, na kwa haki ya kazi, hakuna aliyemzidi. Aliweza kufumba macho barabarani akakwambia gari linalokuja lina tairi moja lililoisha. Alikutana na mdogo wake Roketi hapo hapo kazini, ambaye alikuwa akishona nguo za wanaanga kwa vitambaa vya miavuli iliyovunjika. Wakapendana mbele ya macho ya wote, wakaoana, na kundi likacheza. Miaka miwili baadaye mdogo wake alikuja mlangoni kwa Roketi mkono wa kushoto umening'inia, akasema ameanguka ngazini. Nyumba waliyokaa haikuwa na ngazi.

Kundi lilimfukuza Shemeji. Kesi ilifunguliwa, ikakaa. Mdogo mtu alihamia kwa mama, Shemeji akaenda kwa mama, akasalimia vizuri, akakaa kwenye kiti, hakuondoka mpaka majirani walipojaa. Mdogo mtu akahamia kwa Roketi, Shemeji akawa anakaa chini ya jengo, hasemi neno, amevaa vile vifaa vyake vya masikioni. Mwishowe mdogo mtu alipata chumba juu ya kiwanda kidogo cha kushona sare za shule, ambako pia alipata kazi. Mahali hapo palijulikana kwa Roketi na kwa msimamizi wa kiwanda. Mama hakuambiwa. Mama hawezi kusema uongo; akijaribu hukohoa.

Wazo la korido lilikuwa la Roketi. Alipofika mara ya kwanza aliona mabomba yaliyopita darini, milango ya chuma ya kijivu pande zote mbili, madirisha madogo ya duara mwishoni, akasimama mdomo wazi.

"Hiki ni chombo," alisema.

"Hiki ni kiwanda cha sare, dada. Tulia."

"Nitapiga picha tu. Hakuna atakayepajua. Nakuapia."

Mdogo wake alikubali. Siku ya mapumziko, kiwanda kitupu, alimshikia taa huku Roketi akipiga picha ukuta mmoja baada ya mwingine, hatua kwa hatua, kama mtu anayepaka rangi. Alicheka sana siku ile. Aliuliza kama mwanaanga anaruhusiwa kuanika chupi kwenye korido. Ilikuwa imepita muda mrefu Roketi hajakisikia kicheko hicho, na pengine ndiyo maana hakuiangalia simu yake.

Pale dukani simu ikatoa mlio. Namba ngeni.

"Hongera sana shemeji. Kazi safi kama kawaida yako. Nimepakua yote."

Kisha, kabla hajavuta pumzi: "Mkono ulioshika taa naufahamu."

Roketi akampigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Siku ya Jumamosi kiwanda hufanya kazi hadi alasiri na mdogo wake huiacha simu chumbani, kwa kuwa msimamizi hataki simu karibu na sindano. Akampigia Kata.

"Shemeji anazo mbichi," alisema.

"Shemeji yupi?"

"Kata, shemeji yupi!"

Kisha Kata akasema, kwa sauti ya mtu anayejitafutia matumaini, "Zile picha ni mamia. Mpaka azipitie zote..."

"Hahitaji zote. Moja tu, hata ya bomba."

"Mimi ndiye niliyekwambia uzipandishe."

"Tutalia baadaye. Nenda kituoni, waambie kuna kesi ya zamani na anakokaa mlalamikaji pamejulikana. Ukikuta wanakunywa chai, kaa hapo hapo mpaka wainuke."

Safari hii Kata alisahau hata kusema kata.

Roketi alimwachia mwenye duka ufunguo wa mashine bila maelezo, akatoka. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, ya kuita kwa mkono. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Aliuliza kama anawahi mgonjwa, kisha kama anawahi fumanizi. Kwenye kila taa ya barabarani Roketi aliangalia watu waliosimama, na kila mwanamume mwembamba aliyempa mgongo alikuwa Shemeji mpaka alipogeuka. Alihesabu moyoni: kifurushi kimekaa hewani tangu asubuhi. Kama Shemeji alikipakua mapema, basi alikuwa na saa nzima, saa mbili, ya kufika, na kumsubiri yeye amwongoze kwenye mlango wenyewe. Wazo hilo la mwisho lilimfanya amwambie dereva asimame mitaa miwili kabla. Akatembea. Akageuka nyuma. Akatembea tena, mbio mbio, kijasho chembamba kikimtiririka mgongoni.

Jengo lile chini lina karakana ya kuchomelea vyuma, katikati kiwanda cha sare, juu vyumba. Fundi vyuma alikuwa anasaga geti, cheche zinaruka. Roketi alipanda ngazi, akaingia mlango wa kiwanda uliokuwa wazi, mashine zikivuma humo kama mvua ya mawe, akamwona mdogo wake kwenye meza ya tatu ameinamia kola. Yuko salama.

Msimamizi alimwona kwanza. Ni mwanamke mnene, tepu ya kupimia shingoni, wafanyakazi humwita Bibi Mkasi.

"Roketi, leo umetua mchana? Mbona umekuwa mweupe?"

"Shikamoo, mama. Naomba mdogo wangu mara moja."

Bibi Mkasi alimwangalia usoni, akaacha utani. "Mchukue."

Walipanda juu. Korido ilikuwa pale pale, na Roketi, aliyeijua kila ufa kwa kuwa alishaukuza kila ufa mpaka ukajaa kioo cha kompyuta, aliipita kwa woga kana kwamba ukuta wenyewe ungemshika. Chumbani, pasi ndogo ikiwa bado imechomekwa tangu asubuhi, alieleza yote, harakaharaka. Mdogo wake alisikiliza amesimama, uzi bado umening'inia kwenye mkono wa gauni.

"Kwa hiyo umenigawa," alisema. "Bure. Na sharti ni kukutaja wewe."

"Mdogo wangu..."

"Nimekaa humu sijaenda hata sokoni, dada. Mama anadhani niko nchi nyingine. Nanunuliwa dawa ya meno na watu. Wewe umeniweka kwenye mtandao na ramani juu!"

"Nilizima siku zote. Siku hiyo tu..."

"Siku hiyo tu." Alicheka kicheko kibaya, akakaa kitandani.

"Tuondoke," Roketi alisema. "Sasa hivi."

"Twende wapi? Mwezini? Si una vyombo?"

Simu ya Roketi ikalia. Namba ile ngeni. Safari hii haikuwa maandishi, ilikuwa sauti. Aliifungua akidhani atasikia matusi, na pengine matusi yangekuwa afadhali. Hakukuwa na neno. Ilikuwa sauti ya mashine ya kusaga chuma, karibu, ikipanda na kushuka. Nyuma yake mvumo mzito wa cherehani nyingi kupitia sakafu. Mtu akapiga nyundo mara tatu. Ilikuwa imerekodiwa vizuri sana.

Rekodi ikaisha. Na kupitia dirishani, kutoka chini, mashine ya kusaga ikaendelea, na nyundo ikapiga.

Mdogo wake alikuwa wa kwanza kusogea. Alinyanyua begi lililokuwa nyuma ya mlango. Lilikuwa limekwisha pangwa. Roketi alielewa kwamba lilikuwa limepangwa tangu siku aliyohamia. Mwisho wa korido kuna mlango wa mbao wa kushushia majora ya vitambaa, na ngazi ya chuma inayokwenda uani, ambako gari la kiwanda lilikuwa linapakia sare za kwenda kwa mteja.

"Kashuke umsimamishe," alinong'ona. "Mpe maneno. Wewe maneno unayo."

"Sitakuacha peke yako."

"Dada! Umeshafanya. Sasa fanya na hili."

Roketi akashuka. Ngazi zilikuwa chache na kila moja ilimwia ndefu. Kwenye mlango wa kiwanda alikuta mgeni wameshamkaribisha. Shemeji alikuwa amesimama ndani kidogo ya kizingiti, shati safi, nywele zimechanwa, vifaa vya masikioni vimening'inia shingoni. Bibi Mkasi alikuwa amejaza njia ya kwenda ngazini.

"Shikamoo, mama," Shemeji alikuwa anasema kwa upole.

"Marahaba, baba. Umeleta oda?"

"Namtafuta mke wangu."

"Hapa tunashona sare. Wake hatushoni."

Kicheko kilipita kwenye meza. Shemeji naye alitabasamu. Akatoa simu, akaonyesha picha: ukuta wa kijivu, taa, na mkono. "Huyu hapa. Yuko juu."

Bibi Mkasi aliisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu. "Huo ni mkono, baba. Humu kila mtu kaja na yake miwili."

Ndipo Shemeji alipomwona Roketi. "Ah. Shemeji yangu. Nilijua utatangulia."

"Nilipiga picha hapa zamani," Roketi alisema. "Nilipaomba kwa ajili ya filamu. Mkono ni wa fundi mmoja, alishaacha kazi. Umejisumbua bure."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi mbona umekuja mbio?"

Shemeji hakungoja jibu. Aliinua kidole kimoja, vile alivyokuwa akikiinua kazini wakati wa kurekodi, na ilikuwa ajabu jinsi watu walivyomtii: mashine ya karibu ikanyamaza, kisha ya pili, kisha meza nzima, kwa kutaka tu kujua anataka nini, mpaka kiwanda chote kikawa kimya. Hata karakana ya chini, kwa bahati mbaya, ilikuwa imepumzika. Shemeji akafumba macho. Akainamisha kichwa upande mmoja.

Anasikiliza dari.

Roketi alisikia kile alichokuwa anasikiliza. Juu yao, hafifu kabisa, hatua. Kisha kitu kinaburutwa, begi labda. Hatua tena, za haraka, kuelekea mwisho wa korido. Mdomo wa Shemeji ukafunguka kidogo, kama mtu aliyeonja kitu akakitambua. Roketi alimtazama Bibi Mkasi, na macho yake, kama alivyosema mwenyewe baadaye, hayakuwa yanaomba kitu, yalikuwa yametoka tu.

Bibi Mkasi aliangalia dari, akamwangalia mwanamume aliyefumba macho, akamwangalia Roketi.

"Nani kasema saa ya kazi imeisha?" alifoka. "Mashine!"

Zikawashwa zote kwa mkupuo. Wanawake walikanyaga bila hata kitambaa chini ya sindano. Mmoja akaanza kugonga meza kwa rula ya chuma, mwingine akaburuta benchi huku na huku bila sababu, na ghafla chini fundi vyuma naye akarudi kwenye geti lake. Sakafu ilitetemeka. Shemeji alifumbua macho. Alisema kitu, midomo ilionekana, sauti haikufika. Akaweka mikono masikioni.

Kisha akasukuma. Bibi Mkasi alisimama alivyosimama muda wa kutosha gari kuwasha injini uani bila mtu kusikia, halafu akajisogeza kando na kupaza sauti sikioni kwake kabisa: "Haya, nenda kaangalie! Vua viatu, pamedekiwa!"

Shemeji alipanda ngazi mbilimbili. Roketi alibaki ameushika mlango. Hakujua gari limetoka au halijatoka. Mashine zilimziba masikio yeye pia. Alihesabu milango kichwani, kwa kuwa aliijenga yote: wa kwanza, wa pili, bomba linapopinda, wa tatu. Alingoja mlio. Wakati mmoja alidhani ameusikia, na akajishika mbavu.

Shemeji alirudi taratibu. Mkononi alishika pasi ndogo ya umeme, waya ukiburuta. Aliiweka juu ya meza ya karibu, akagusa chuma chake kwa kiganja, akaacha kiganja pale kidogo zaidi ya inavyofaa, ili Roketi aone kwamba pasi bado ni ya moto. Mashine zilikuwa zimeanza kupungua. Safari hii alisikika.

"Utapiga picha nyingine, shemeji," alisema. "Kazi yako unaipenda."

Akatoka. Hakukimbia. Kutoka dirishani walimwona akivuka barabara, akasimama upande wa pili, akavaa vifaa vyake masikioni, akaondoka kwa miguu kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Kata alifika baadaye na askari mmoja aliyeandika maelezo, akauliza kama kuna aliyeumizwa. Akaambiwa hapana. Aliandika hapana.

Roketi alipanda juu kuchukua vilivyoachwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Dirishani palikuwa na mswaki na dawa ya meno iliyofikia nusu. Alikaa kwenye korido, mgongo ukutani. Bibi Mkasi alikuja akakaa naye chini, kwa taabu, magoti yakilia.

"Mama, kaenda wapi?"

"Amepiga simu. Amefika salama."

"Kafika wapi?"

Bibi Mkasi aliivua tepu shingoni, akaikunja, akaikunjua. "Amesema usiambiwe, mwanangu. Si kwa ubaya. Amesema wewe ukijua, na simu yako inajua."

Roketi aliitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo alimjibu yule mwanafunzi. Alimwomba afute picha zote na asimtajie mtu mahali. Mwanafunzi alijibu papo hapo kwamba amefuta, akaomba radhi mara nyingi, akauliza kama amekosea kitu. Wengine waliopakua hawajulikani, na kundi halina njia ya kuwafikia. Kata anataka korido itolewe upya bila mbichi. Roketi amekataa, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi hawasemeshani vizuri.

Jumatatu saa mbili atafungua duka la kuchapa kama kawaida. Ataiweka simu kwenye kaunta, karibu na mkono, na hatapiga namba yoyote. Mdogo wake amesema, kupitia kwa Bibi Mkasi, atapiga yeye, siku atakapoona inafaa, kutoka namba ambayo haitaweza kupigiwa tena.